Fagio la zamu na fagio la adhabu

Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, mazungumzo kuhusu shule zetu za msingi yamekuwa ya hesabu. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita, hivyo mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 wote watapiga hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Vyumba vitatoka wapi? Madawati je, na walimu? Maswali ya haki kabisa. Ila katikati ya kelele hizo kuna badiliko jingine lililopita huku tukilipigia makofi bila kulikagua: somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo sasa ni la lazima. Ukikaa kijiweni au ukipanda daladala utasikia watu wakisema afadhali, maana watoto wa siku hizi wameharibika, salamu hakuna, heshima hakuna, sasa shule itawanyoosha.

Nadhani hapo tumejidanganya. Sina ugomvi na somo lenyewe. Ugomvi wangu ni na imani kwamba tabia ya mtoto wa miaka minane inamwingia kwa njia ya kipindi, kitabu na zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mtoto huyo anasoma maadili tangu anapovuka lango la shule asubuhi mpaka kengele ya kurudi nyumbani, na anayasoma vizuri zaidi pale ambapo hakuna anayedhani anamfundisha: namna mwalimu wa zamu anavyompokea akichelewa, nani anapewa fagio na kwa sababu gani, foleni ya uji inaanzia kwa nani, kiranja anaandika majina ya nani na kuyafuta ya nani. Huo ndio mtaala wa maadili wa shule. Upo tayari, unafundishwa kila siku bila likizo ya mwalimu, na kwa sehemu kubwa unapingana na kile kitakachoandikwa kwenye kitabu kipya.

Tukumbuke kwamba hii si mara ya kwanza kutegemea jalada la kitabu. Waliosoma baada ya Azimio la Arusha walikuwa na somo la Siasa. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Siasa ikaondoka na Uraia ukaingia. Baadaye tukawa na Haiba na Michezo, jina zuri kuliko yote kwa maoni yangu, ingawa shule nyingi hazikufundisha haiba wala kuwa na mpira. Kisha Uraia ukaongezewa mkia ukawa Uraia na Maadili, na sasa maadili yamehamia upande wa Historia. Kila mara somo lilipobadilishwa jina, malalamiko yalikuwa yale yale: vijana hawana adabu, hawapendi kazi, hawajali mali ya umma. Kama dawa imebadilishwa kopo mara nne na mgonjwa anaendelea kukohoa, ni busara kuuliza kama ugonjwa wenyewe uko kifuani au kwingine.

Nyerere alikuwa amelikaribia jibu zaidi kuliko sisi. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la Machi 1967, hakupendekeza somo la kujitegemea. Alitaka shule yenyewe iwe jumuiya: walimu na wanafunzi wafanye kazi pamoja, wapange pamoja watakachofanya na shamba lao, waone faida na hasara ya uamuzi wao. Sehemu ile ya kupanga pamoja ndiyo ilikuwa moyo wa jambo lote. Na ndiyo tuliyoiacha njiani mapema kabisa. Shule zikabakiza jembe, zikatupa kikao. Aliyesoma miaka ya sabini au themanini anajua kilichofuata: shamba la shule ambalo mavuno yake hakuna mtoto aliyeyahesabu, na ndoo za maji zilizopelekwa nyumbani kwa walimu kwa jina la kujitegemea. Kizazi kizima kikatoka na somo moja lililokaa vizuri kichwani, kwamba kazi ya mikono ni ya mdogo na mnyonge, na ukikua na kupata cheo unaiacha.

Hapo ndipo fagio linapoingia. Fika shule yoyote ya msingi ya serikali saa moja kasorobo asubuhi, kabla jua halijashika. Ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe inagongwa kwa nondo, na watoto wanatoka mbio kuwahi namba. Mmoja ana kidumu cha lita tano, mwingine fagio la chelewa lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, mwingine hana kitu na anaomba fagio la mwenzake kabla mwalimu hajatokea. Kila darasa lina eneo lake. Ukitazama kwa makini utaona jambo la kupendeza: wale wa darasa la nne hawafagii tu, wanachora. Wanavuta chelewa kwa mistari inayolingana mpaka uwanja unakuwa kama mkeka, na anayekanyaga baada ya hapo anapigiwa kelele. Ni eneo lao. Hakuna kitabu kilichowafundisha kuona fahari hiyo.

Sasa subiri nusu saa. Lango limefungwa, waliochelewa wamepigishwa magoti pembeni ya mlingoti wa bendera. Paredi ikiisha, mwalimu wa zamu anawagawia adhabu, na adhabu yenyewe ni nini? Fagio. Wengine wafagie nyuma ya ofisi, wengine wamwagilie maua, na walio na bahati mbaya wakaoshe vyoo. Fagio lile lile ambalo saa moja lilikuwa zamu, saa mbili limekuwa hukumu. Yule wa darasa la nne aliyekuwa anachora mkeka anatazama kupitia dirishani na kuelewa vizuri kabisa alichoonyeshwa: kumbe kufagia ni kitu cha kumpa mkosaji. Kuosha choo, jambo ambalo kila nyumba inalihitaji kila siku, ni kitu cha kumpa mkosaji sugu. Baada ya miaka saba ya somo hilo la vitendo, tunashangaa kijana anatupa chupa ya maji kupitia dirisha la basi na kusema wapo wanaolipwa kuokota.

Kila baada ya muda picha za watoto wa Japani wakifagia madarasa yao na kugawa chakula wakiwa wamevaa kofia nyeupe huzunguka mitandaoni, na chini yake watu wetu huandika "tuige". Huwa nacheka kidogo. Watoto wetu wamefagia shule tangu babu zao. Tofauti haiko kwenye fagio. Kule usafi umo ndani ya ratiba ya siku kama lilivyo somo la hesabu, unamhusu kila mtoto, mara nyingi mwalimu naye ameshika kitambaa, na darasa lina kikao chake ambacho watoto wenyewe wanakiendesha na kujadili mambo yao: nani hakushiriki, kwa nini, tufanyeje kesho. Misri ilipoamua kuuchukua mfumo huo kwa msaada wa Wajapani na kufungua shule za aina hiyo kuanzia mwaka 2018, ilichukua kifurushi chote, pamoja na vikao na zamu za kuongoza darasa. Sisi fagio tunalo. Tulichokosa ni kikao, kile kile kilichokuwa kwenye andiko la 1967.

Mfano wa pili ni karatasi ya wapiga kelele. Hakuna Mtanzania aliyepita shule ya msingi asiyeijua. Mwalimu anatoka, kiranja anachana karatasi katikati ya daftari, anaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa, WAPIGA KELELE, na kuanza kazi. Anayerudia anawekewa alama ya mara mbili, mara tatu. Mwalimu akirudi karatasi inasomwa, na kila jina linalipwa kwa idadi ya alama zake. Ninachokumbuka mimi zaidi ya fimbo ni biashara iliyokuwa ikiendelea kabla mwalimu hajarudi. Ubuyu wa shilingi ngapi sijui ulifuta alama mbili. Aliyekubali kumfanyia kiranja zoezi la hesabu hakuandikwa kabisa. Adui wa kiranja aliandikwa hata kama alikuwa amelala. Jioni tunaambiwa kwenye somo kwamba rushwa ni adui wa haki. Siku hizi TAKUKURU ina klabu za wapinga rushwa mashuleni, jambo jema, lakini sijui klabu inayokutana mara moja kwa wiki itashindanaje na karatasi inayoandikwa kila mwalimu anapotoka darasani. Tumemkabidhi mtoto wa miaka kumi madaraka ya kuhukumu bila ushahidi na bila rufaa, halafu tunategemea akifika ofisi ya umma awe mtu mwingine.

Na uji. Hili linahitaji historia kidogo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walimiminika, na pamoja na neema hiyo ikaja tafsiri potofu iliyoenea kuliko waraka wenyewe: kwamba shule sasa ni ya serikali na mzazi amestaafu. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliweka wazi kwamba sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa bado ni wajibu wa mzazi. Lakini walimu wakuu walishaogopa neno "mchango" kama moto, maana waliowachangisha wazazi kiholela walichukuliwa hatua, na mahali pengi masufuria ya uji yakafunikwa. Yaliporudi, yalirudi kwa utaratibu wa mzazi anayetoa debe la mahindi au kiasi fulani cha fedha. Ukiwa mtu mzima unaona ni utaratibu wa haki, anayechangia ndiye anayekula. Nenda ukasimame saa nne asubuhi karibu na jiko. Sufuria limeshushwa, mama mpishi ana kata mkononi, na kuna orodha. Watoto ambao majina yao hayamo wanajua hayamo, kwa hiyo hawasogei. Wanacheza mbali kidogo, upande ambao upepo hauleti harufu. Wengine wanajifanya hawapendi uji. Na wale wanaokunywa wanajifunza kunywa huku wakiwa wameupa mgongo upande ule. Sijui ni sura gani ya kitabu cha Maadili inaweza kufuta alichokiona mtoto wa darasa la pili pale jikoni, siku mia moja na tisini na kitu kwa mwaka.

Zipo shule zilizolimaliza hilo, tena si tajiri. Wazazi walikaa, wakakubaliana kwamba mwenye uwezo anaongeza debe la jirani, asiyekuwa na mahindi analeta kuni au anakuja zamu ya kupika, na orodha ikabaki ofisini badala ya jikoni. Katika mikoa kadhaa umoja wa wazazi na walimu, UWAWA kama unavyofahamika, umesaidia kwa sababu unamleta mzazi shuleni kuzungumza kabla ya tatizo, wakati kamati ya shule mara nyingi hukutana ukuta ukishaanguka. Siwezi kudai kila mahali UWAWA upo hai. Pengine ni jina kwenye ubao wa matangazo. Lakini ulipo hai, mtoto asiye na debe anakunywa uji kama wenzake, na wenzake hawajui.

Sasa tuwasikilize wanaolitetea somo, maana wana hoja na si haki kuzipita haraka. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba katika mfumo wetu kisichokuwa na kipindi na mtihani hakifundishwi. Mwambie mwalimu mwenye azimio la kazi la kukamilisha kwamba maadili ni jukumu la kila mtu, na umehakikisha kwamba hayatakuwa jukumu la yeyote. Somo linampa mwalimu muda, kitabu na ruhusa. Linampa mtoto maneno pia: mtoto anayejua neno "unyanyasaji" na anajua kwamba halipaswi kutokea ana silaha ambayo mwenzake asiyejua hana. Na kuyaunganisha maadili na historia ni wazo ambalo mwanzoni nilidhani ni la kubandika tu, lakini kadiri ninavyolifikiria naliona lina maana, kwa sababu uaminifu na ujasiri vinaeleweka vizuri zaidi katika mtu aliyeishi na kuchagua kuliko katika orodha ya tunu. Haya yote nayakubali. Kinachonitia shaka ni mwisho wa njia hiyo, yaani mtihani. Kwa zaidi ya miaka kumi mtihani wa darasa la saba umejibiwa kwa kiasi kikubwa kwa kusiliba vivuli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Kama maadili yatapimwa hivyo, tutapata watoto wenye alama A katika uaminifu, na baadhi yao watakuwa wamechungulia kwa jirani. Na tusijifanye kwamba wanaochungulia ni watoto peke yao. Mwaka 2022 Baraza la Mitihani lilifungia zaidi ya vituo ishirini vya mtihani wa darasa la saba kwa udanganyifu, na udanganyifu wa kituo kizima hauandaliwi na mtoto wa miaka kumi na tatu. Unaandaliwa na watu wazima wanaotaka shule yao ipande kwenye orodha, na mtoto anayeletewa majibu siku hiyo amefundishwa kipindi cha mwisho cha maadili kabla ya kuhitimu.

Hoja ya pili inatoka upande wa pili, kwa walimu wenyewe. Wanasema: unatuambia tuzungumze na kila mchelewaji na tuendeshe vikao vya darasa, wakati sera inataka mwalimu mmoja kwa watoto 45 na mimi nina 120 chini ya mwembe? Hii ndiyo hoja inayonisumbua kuliko zote, na sina jibu lake kamili. Kuna mambo ambayo hayawezekani kwenye darasa la watoto 120, na anayesema yanawezekana hajawahi kulisimamia. Matundu ya vyoo ni mfano: kiwango kinachotakiwa ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na mahali ambapo tundu moja linahudumia mara tatu ya hao, usafi wa choo hauwezi kuwa suala la tabia peke yake. Lakini nataka kumrudishia mwalimu swali. Watoto 120 wanaongozwaje hata sasa? Wanaongozwa kwa utaratibu: namba, paredi, viranja, zamu. Umati haushikiki kwa maneno wala kwa mazungumzo ya mtu mmoja mmoja, unashikwa na mazoea. Kwa hiyo wingi wa watoto haupingi ninachosema. Mwalimu mwenye watoto thelathini anaweza kurekebisha utaratibu mbaya kwa wema wake binafsi, mwenye 120 hana nafasi hiyo. Kwake utaratibu ndio kila kitu, na ukiwa mbovu unaharibu watoto 120 kwa mpigo.

Nimeiacha mwisho hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi kwenye kila mkutano: rudisheni kiboko, sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Kwanza, kiboko hakijaondoka popote hata kirudishwe. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Ni shule ngapi zenye kitabu hicho, na ni mara ngapi kimeandikwa viboko vya "wapiga kelele"? Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walikumbana na ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na walimu walitajwa sana miongoni mwa waliowapiga. Kama fimbo ingekuwa inaleta maadili, tungekuwa taifa lenye adabu kuliko yote katika ukanda huu. Wanaotanua barabarani asubuhi wakipita pembeni ya foleni walichapwa. Wanaoomba "ya soda" ofisini walichapwa. Na karatasi ya wapiga kelele ni ushahidi wa kutosha: darasa lililonyamazishwa kwa fimbo linahitaji mpelelezi kila fimbo inapotoka mlangoni.

Wanaopenda kiboko husema pia kwamba ukikiondoa masomo yatashuka. Hapo tuna ushahidi wa jirani. Katika Wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingizwa katika utafiti kati ya 2012 na 2014. Nusu yake zilipewa mpango wa shirika la Raising Voices uliodumu mwaka mmoja na nusu hivi, ambamo walimu, wanafunzi, uongozi na wazazi walitengeneza pamoja kanuni za shule yao na njia za kurekebishana. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba uwezekano wa mtoto kuwa amepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia ulipungua kwa asilimia 42. Watoto walijisikia salama zaidi shuleni, na alama zao za majaribio hazikuporomoka. Hazikupanda pia, na ni vizuri kulisema hilo, kwa sababu wapo wanaouza mageuzi haya kama dawa ya kila kitu. Lakini asilimia 42 katika shule zenye umaskini kama wetu, bila kujenga hata ukuta mmoja mpya, si jambo la kupuuza. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni tangu 2001, na hadi leo kuna wazazi na walimu wake wanaolalamika kwamba vinaendelea chini kwa chini. Sheria peke yake ilifanya kazi nusu. Luwero kilichofanya kazi ni watu wa shule moja kukaa na kubadilisha mazoea yao.

Yakikubaliwa haya, kuna mambo yanayofuata ambayo hayahitaji bajeti wala waraka. Mwalimu mkuu anaweza kesho asubuhi kutangaza kwamba katika shule yake hakuna kazi ya mikono inayotolewa kama adhabu. Fagio ni zamu tu, choo ni zamu tu, na mwalimu wa zamu naye ana sehemu yake. Mchelewaji aulizwe kwanza alikotoka. Karatasi ya wapiga kelele ichanwe, na kiranja apewe kazi nyingine, kwa mfano kusoma kwa sauti au kuendesha chemsha bongo mwalimu anapochelewa, kazi ambayo ukiifanya vibaya wenzako wanakuambia usoni. Viranja wachaguliwe kwa muhula badala ya mwaka, ili wengi waonje ugumu wa kuongoza. Wathibiti ubora wa shule nao, ambao wakifika huanza kwa kudai andalio la somo na azimio la kazi, wafike siku moja saa moja kasorobo na wasimame langoni, kisha saa nne wasimame karibu na jiko. Wataandika ripoti tofauti sana.

Kuna jambo dogo ambalo mimi hulitumia kupima shule kabla sijaongea na mtu. Natafuta kibuyu chirizi, lile dumu lililofungwa kwenye mti na kamba inayovutwa kwa mguu ili mtoto anawe mikono bila kulishika. Au ndoo zenye bomba zilizoletwa mwaka 2020 wakati wa korona. Karibu kila shule inavyo. Swali ni kama vina maji. Vikiwa vikavu utaambiwa watoto hawana utamaduni wa kunawa. Vikiwa na maji, uliza nani ameyatia, na utaambiwa bila kusita: leo ni zamu ya darasa la tano, kesho la sita, na sabuni ya kipande iliyotobolewa na kufungwa kwa uzi inatunzwa na dada mkuu. Hakuna tofauti ya utamaduni kati ya shule hizo mbili, ambazo pengine ziko kata moja. Upande mmoja kuna zamu inayojulikana, upande mwingine kuna bango lililoandikwa "NAWA MIKONO".

Mwaka jana nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ambayo sitaitaja. Ajenda namba tatu ilikuwa maadili. Ikazungumzwa kwa zaidi ya saa nzima: simu, katuni, nguo za kubana, mama zao wanaoshinda kwenye vikoba. Mwishoni bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nyuma akanyoosha mkono. "Mwanangu mwalimu," akasema, "mjukuu wangu anachelewa kwa sababu anaanza kumvusha mdogo wake barabara ya lami, ampeleke chekechea, ndipo aje huku. Kila wiki mnamwosha vyoo. Sasa mimi nimwambie nini, amwache mdogo wake avuke peke yake?" Mwalimu mkuu alitazama saa, akatazama karatasi ya ajenda, kisha akamwambia katibu aliandike swali hilo kwenye mengineyo.